Kabla ya Plagi

Njoo, Hamyar, lakini dishdasha ivue kwanza.
Kile kishada cha shingoni, mama yako anachokitia mafuta ya udi,
msikitini kinanukia vizuri.
Hapa kinaning'inia tu, na msumeno hauchagui
baina ya ubao na uturi.
Baki na fulana. Saa iweke dirishani.

Usiguse plagi. Bado.

Upindue uutazame tumboni.
Kinga hii ya juu haisogei. Hii ya chini
hufunguka ukisukuma, hujifunga ukitoka,
kama kope.
Ivute kwa kipini chake. Iachie.
Umesikia? Tak.
Siku isiposema tak hatukati kitu,
tunakwenda zetu kunywa chai.

Na mkwaruzo huu hapa, unauona?
Palikuwa na waya, ule mwembamba wa kufungia nondo.
Aliufunga baba yako, kinga ikae wazi siku zote,
maana ilimchelewesha, alisema. Ilimchelewesha!
Tulikuwa tukiimalizia nyumba ya bibi, hapa hapa Ibra,
Agosti, saa sita na nusu kazi zote husimama kwa jua,
naye anataka mlango wa mwisho uingie kabla ya adhana.

Goti lile anakwambia ni la mpira.
Si la mpira.
Alikata, akamaliza, akashusha mkono huku akizungumza nami,
na meno bado yanazunguka.
Msumeno ukatambaa wenyewe pajani, ukashuka,
kana kwamba njia ukiijua.
Usimwambie nimekwambia.

Aliyekuja kuukata ule waya ni Sasidharan,
seremala wa sanaiya, mtu wa Kerala,
miaka thelathini na moja ya mbao na vidole kumi.
Alinihesabisha kimoja kimoja, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
na alipofika cha kumi akanipa koleo:
wewe mwenyewe, dada, kata.
Basi haya ninayokufundisha si yangu.

Kina: jino lichungulie chini ya ubao, lisitoke lote kutembea.
Jiriwa hapa, jiriwa na pale. Mkono si jiriwa.
Kipande kinachokatwa kiache kianguke;
ukikiegemeza ncha zote mbili ubao hubonyea katikati,
huubana msumeno, na msumeno ukibanwa
hurudi nyuma kwa hasira
wala hauulizi nani kasimama.
Kwa hiyo usisimame nyuma yake.
Kaa pembeni, kama unayempisha mgeni mlangoni.
Waya wa umeme upite begani.
Miwani. Siyo hiyo ya jua, Hamyar, unakwenda wapi, ufukweni?
Glavu hapana: uzi mmoja ukinaswa, na mkono unafuata.

Uache upate kasi hewani ndipo uuguse ubao.
Usiusukume, uongoze tu.
Ukilia kwa sauti nyembamba, unakata.
Ukiguna, achia swichi. Usivute. Achia.

Na ukimaliza, subiri.
Kidole nje ya swichi, miguu palepale,
usijibu simu, usigeuke hata nikikuita mimi
kwa jina lako na la babu yako.
Utaisikia sauti ikishuka,
ikishuka,
mpaka usikie kiyoyozi cha jirani
na maranda yakitua sakafuni.
Hapo ndipo unauweka chini.

Waya ule ninao. Umo ndani ya kopo la misumari.
Baba yako huuona kila akija kuazima;
huchukua misumari minne, mitano,
hulifunika kopo polepole
na kuondoka akichechemea kidogo, bila neno.

Haya. Soma alama ya penseli mara nyingine.
Sasa tia plagi.